Jani lisilomea popote: mwongozo wa kusoma maua ya kikwembe

Nilijiaibisha mbele ya mama mmoja wa kushona, pale soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, Kongo, na mwongozo huu umetokana na aibu hiyo. Alikuwa amekunjua kikwembe chenye maua makubwa mekundu na majani yaliyojikunja ncha. Mimi nilikuwa nimetoka kusoma kurasa chache za historia ya nakshi, kichwa kimenijaa. Nikaanza kuwaeleza wateja waliokuwa pale kwamba kitambaa hiki ni cha kale, pengine cha kabla ya uhuru, maana jani hili ni la Wagiriki. Mama akaniacha nimalize. Kisha akaushika ukingo wa kitambaa kwa vidole viwili, akaugeuza, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, hii haiko ya zamani. Ilifika juzi. Plastiki yake njo ile pale chini."

Hakuna aliyekuwa amekosea kabisa. Jani lilikuwa na zaidi ya miaka 2,400. Kitambaa kilikuwa na wiki moja. Na rinda alilolitaka mteja lilikuwa la mtindo ulioingia mjini mwaka ule ule. Nyakati tatu zilikuwa zimelala ndani ya yadi 6, nami niliona wakati mmoja nikautangaza kuwa wote.

Kwa msomaji wa mbali: kikwembe ndicho kitenge, na "njo" ya mama ni "ndiyo". Ninakitumia hapa kwa sababu kila nyumba ya Lubumbashi inacho, na kwa sababu mimea, nakshi na mitindo ya mavazi hukutana juu yake kuliko kwenye kitu kingine chochote ninachokijua. Lakini njia ni ile ile ukiamua kusoma besheni la maua, lango la chuma au kochi la kuchongwa.

1. Chagua kitu kimoja, ukae nacho

Usianze na kumi. Chukua kikwembe kimoja chenye mmea ndani yake, kwa ruhusa ya mwenyewe (cha mama mzazi ndicho bora, kwa sababu kina hadithi), ukitandaze mezani karibu na dirisha. Andaa daftari la miraba, penseli laini, rula, karatasi ya kalki na simu ya kupigia picha. Weka kiberiti pembeni mwa kitambaa unapopiga picha, ili baadaye ujue ukubwa wa ua. Mwanga utoke ubavuni. Mwanga wa kutoka juu unaua mikunjo na nyuzi. Kama kitambaa ni cha zamani, usikifue kwanza "kipendeze". Jasho, mafuta ya mawese na rangi iliyochuja ni sehemu ya habari zake.

2. Jua kilivyotengenezwa kabla ya kuyaangalia maua

Hatua hii ndiyo niliyoiruka mimi siku ile.

Vikwembe vya namna ya kwanza huitwa waksi, na waksi ni nta, ingawa viwandani hutumia utomvu wa miti. Mbinu yenyewe ni ya batiki ya Java: unapaka nta pale usipotaka rangi iingie, unatumbukiza kitambaa kwenye rangi, unaondoa nta. Katika karne ya 19 Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, walijaribu kuifanya kazi hiyo kwa mashine. Kiwanda cha Vlisco cha mji wa Helmond kilianzishwa mwaka 1846. Utomvu wa mashine ulikuwa unapasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa na kuacha mishipa myembamba kama ya jani lililokauka. Soko la Java halikudumu. Afrika Magharibi ndiko kitambaa hicho kilikopata wenyewe, na mishipa ile, iliyokuwa kasoro ya kiwanda, ikageuka kuwa ushahidi wa uhalisi.

Sasa fanya jaribio. Tafuta maua mawili yanayofanana kabisa kwenye kikwembe chako. Sogeza macho hadi karibu, au kuza picha kwenye simu. Fuata mshipa mmoja wa rangi ndani ya ua la kwanza: unaanzia wapi, unagawanyika wapi? Nenda kwenye ua la pili. Kama mshipa ni ule ule, umegawanyika pale pale, basi mpasuko huo umechorwa. Ni picha ya mpasuko. Kama kila ua lina mishipa yake, nta ilipasuka kweli. Kisha geuza kitambaa. Waksi ina rangi karibu sawa pande zote mbili. Kitambaa cha kuchapwa juu juu kina mgongo uliofifia. Mwisho soma maandishi ya ukingoni, lakini usiyaamini peke yake, kwa sababu maandishi ni rahisi kuiga kuliko nta.

Kikwembe cha mama wa Kenya kilikuwa na mishipa pacha katika kila ua. Ningetazama sekunde kumi nisingeaibika.

3. Toka nje ukautafute mmea wenyewe

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo usiwe na haraka.

Tuseme ua lako linaitwa hibiskusi. Lubumbashi ua hilo limejaa kwenye nyua. Chuma moja pamoja na jani lake, uliweke juu ya meza kando ya kikwembe. Hesabu. Ua halisi la kawaida lina petali 5. Katikati unatoka mkonga mrefu, umezungukwa na vichwa vidogo vya chavua, na nchani una vitone 5 kama vichwa vya pini. Jani lake limekaa kama yai lenye ncha, kingo zina meno ya msumeno, wala halikukatwa ndani.

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika mahali ambapo kitambaa kimeutii mmea. Upande wa kulia andika mahali ambapo kimeuasi.

Wangu ulitoka hivi. Petali 5: kimetii. Mkonga: kimetii, ila umerefushwa hadi unavuka petali mara mbili. Vitone vya nchani: vimekuwa 3, vikubwa kama shanga. Jani: uasi mtupu. Limekatwa vipande virefu, kila kipande kina ncha inayojikunja kama kidole kinachoita. Shina: limejipinda kama herufi S, na juu ya shina hilo hilo kuna hibiskusi, kuna kichipukizi cha namna nyingine, na kuna tunda lenye taji kama komamanga. Hakuna mti duniani unaozaa hivyo.

Wanafunzi wengi wanaona upande wa kulia kama orodha ya makosa ya mchoraji. Mimi nasema ndio ukurasa wa historia. Pale kitambaa kinapoutii mmea, kinakwambia habari za mmea. Pale kinapouasi, kinakwambia mchoraji aliuona wapi, maana mara nyingi hakuuona shambani, aliuona juu ya kitu kingine kilichochorwa kabla yake.

4. Fuata uasi hadi unakotoka

Chukua kosa moja tu kwa wakati. Nilianza na lile jani la vidole.

Linaitwa akantusi. Ni mmea wa pwani za Mediterania, wenye majani makubwa yaliyokatika. Mwandishi wa Kirumi Vitruvius anasimulia kwamba msichana wa Korintho alifariki, yaya wake akaweka kikapu cha vitu vyake juu ya kaburi, akakifunika kwa kigae. Kikapu kilikuwa kimekaa juu ya mzizi wa akantusi. Masika yalipofika majani yakapanda kando ya kikapu, yakagonga kigae, yakajikunja. Mchongaji Kalimako akapita, akaona, akachonga kichwa cha nguzo kwa mfano huo.

Hadithi nzuri, na kwa karne nyingi ilitosha. Kisha akaja Alois Riegl, aliyekuwa mtunzaji wa vitambaa katika makumbusho ya sanaa na viwanda huko Vienna. Mwaka 1893 alichapisha hoja kwamba jani hili halikutoka kaburini wala bustanini. Lilitoka kwenye nakshi nyingine, ile yenye umbo la kiganja kilichofunguliwa, inayoitwa palmeti, ambayo nayo aliifuata nyuma hadi kwenye yungiyungi za Misri. Wachongaji waliipa palmeti mwili na mikunjo, na baadaye watu wakaona kwamba inafanana na akantusi. Mmea ulikuja kupewa ubaba wa mtoto ambaye hakumzaa. Kutoka hapo Riegl akaendelea mbele hadi kwenye mimea inayojipinda ya nakshi za Kiislamu. Siafiki kila kitu cha Riegl, lakini angalia alivyofanya kazi: aliweka vitambaa na vyungu kwenye mstari mmoja, akauliza kila kimoja kimebadilisha nini kwa kile kilichokitangulia. Mtu mwenye vikwembe 6 vya shangazi zake anaweza kufanya hivyo hivyo sebuleni.

Lile shina lenye maua ya kila namna linatoka njia nyingine: pamba za India zilizochorwa kwa mkono kwa ajili ya soko la Ulaya, zenye mti mmoja unaozaa kila ua alilolipenda mnunuzi. Ulaya ilizigombania kiasi kwamba Ufaransa ilipiga marufuku pamba za maua kuanzia mwaka 1686 hadi 1759, ili kuwalinda wafumaji wake wa hariri na sufu. Watu walizivaa kwa magendo. Mwaka 1760, marufuku ilipokwisha tu, mchapaji wa vitambaa Oberkampf alifungua kiwanda chake katika mji wa Jouy-en-Josas, Ufaransa.

Na kama unasoma vyombo badala ya nguo, kuna mfano unaonichekesha kila mara. Katika karne ya 18 wachoraji wa kiwanda cha Meissen, Ujerumani, waliiga sahani za Kichina za buluu zenye makomamanga na mapichi. Hawakuwa wamezoea matunda hayo. Watu wa Ulaya walipoziona sahani walidhani ni vitunguu, na hadi leo nakshi hiyo inaitwa ya kitunguu. Kwa hiyo ukiliona besheni la mama lenye ua nene lililojaa petali, ambalo nyumbani sote tunaliita roza, lisogelee. Waridi lina vijani vitano vyembamba chini ya petali, na shina la miiba. Kama petali zina kingo zilizochanika na jani limegawanyika sehemu tatu, una peoni ya Kichina, ua la utajiri na heshima huko kwao.

Kuhusu mtandao: makumbusho kubwa kama Rijksmuseum ya Amsterdam na Metropolitan ya New York hutoa picha nzito bure. Tafuta kwa Kiingereza au kwa jina la Kilatini la mmea, maana Kiswahili hakitakupa kitu kwenye sanduku lao la kutafutia. Na pakua usiku, megabaiti zikiwa rahisi.

5. Tafuta pale nakshi inapoanza kujirudia

Weka kalki juu ya kitambaa. Chagua kitone kimoja kisichokosewa, kwa mfano ncha ya mkonga, ukitie alama. Tafuta ncha ile ile upande wa kulia, tia alama. Nenda chini, tia alama. Unganisha. Umepata kipande kinachojirudia, na sasa unaweza kukipima kwa rula.

Kama alama za safu ya pili zimekaa sawa chini ya za kwanza, nakshi ni ya mraba tu. Kama zimeshuka nusu, macho yatapanda na kushuka kwa mshazari na kitambaa kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Wachoraji wanapenda kushusha nusu kwa sababu jicho linachelewa kugundua marudio. Jaribu pia kugeuza kalki kifudifudi: ua likijikuta limelala juu ya ua, kuna kioo ndani ya nakshi.

Hapa tuache majani kidogo tutazame eneo la Kasai, maana Lubumbashi imejaa Wakasai na vitambaa vya Wakuba, watu wa huko, havikosekani kwa wauza sanaa. Wanaume hufuma rafia, wanawake hutarizi. Mtarizi hupitisha uzi wa rafia chini ya nyuzi za kitambaa, anauvuta hadi ubaki mfupi, anaukata kwa kisu kidogo. Hakuna fundo, unashikwa na msokotano wa kitambaa peke yake. Pitisha kiganja: ni kama mahameli. Mwanahisabati Donald Crowe alizichunguza nakshi hizi akachapisha mwaka 1971. Hisabati inajua njia 7 tu za kurudia nakshi kwenye ukanda. Wakuba wanazo zote. Njia za kujaza uso mzima ni 17, alikuta 12. Hayo yalifanyika bila rula na bila mchoro wa karatasi.

Na inasimuliwa kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki. Pikipiki haikumshughulisha. Kilichomvutia ni alama za tairi mchangani; akaagiza ziigwe, akaipa nakshi hiyo jina lake. Ninaisimulia kwa sababu ya wale wanaodhani kila nakshi ya Afrika lazima iwe mnyama au mmea wenye siri. Wakati mwingine ni tairi.

6. Muulize fundi wa nguo

Nakshi inaishi juu ya mwili wa mtu. Mtindo ukibadilika, ua linaweza kukosa mahali pa kukaa.

Mfano ninaoutegemea ni lile umbo la tone lililopinda shingo, ambalo watu wa kanga za pwani wanaliita korosho. Lilitoka Uajemi na Kashmiri. Kwenye shali za Kashmiri za mwanzoni mwa karne ya 18 lilikuwa kichaka kidogo cha maua, unaona hadi mizizi. Kufikia mwaka 1800 hivi maua yamebanana, kichaka kimekuwa chungu chenye ncha. Katikati ya karne ya 19 kimerefuka, kimejipinda, kimejaa kitambaa kizima. Shali zilipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 kila mwanamke tajiri alizitaka, na mji wa Paisley huko Uskoti uliziiga kwa wingi hadi Wazungu wakaliita umbo lenyewe Paisley. Mashine ya Jacquard ya mwaka 1804 ilirahisisha kazi.

Kisha biashara ikafa, na aliyeiua ni fundi wa nguo. Miaka ya 1850 na 1860 sketi zilikuwa pana kama mwavuli, shali ilitandazwa juu yake ikaonekana yote. Kuanzia karibu 1870 ujazo wa sketi ulihamia nyuma, juu ya makalio. Ukitupia shali pale unafunika kile kile ulichokilipia. Shali zikaingia sandukuni. Nakshi yenyewe haikufa, ilihamia kwenye vitambaa vingine, na ndivyo unavyoikuta leo kwenye waksi.

Kwetu vivyo hivyo. Miaka ya 1970, katika siasa ya Authenticité (kurudi kwenye asili) ya Mobutu, wanaume waliacha suti na tai wakavaa abakosti, koti lisilo na tai, na wanawake wakakatazwa suruali. Kikwembe kikawa vazi la kila mahali, la ofisini na la sherehe. Tazama picha za familia za miaka hiyo ukiwa na mambo matatu mkononi: mkono wa blauzi ulivyokatwa, urefu wa kikwembe cha chini, na mahali ambapo ua kubwa limewekwa. Hilo la tatu ndilo watu wanalolisahau. Mwulize mama wa kushona: ua la ukubwa wa sahani unaliweka wapi? Yule wa Kenya, tulipopatana, alinionyesha. Alikunja kitambaa mara mbili, akatafuta kitovu cha ua kwa kidole gumba, akakipeleka katikati ya mgongo. "Ukikata pa kifua, ua inapasuka na vifungo. Nyuma njo inakaa muzima." Sikuwahi kulisoma hilo kwenye kitabu.

Waulize pia majina. Kikwembe kinauzwa kwa jina, na jina hilo mara nyingi analitoa muuzaji wala si mchoraji. Hibiskusi ya Vlisco inajulikana sokoni kama maua ya ndoa. Andika jina, nani amelitaja, na lini, kwa sababu mji mwingine utakuwa na lingine.

Kwa tarehe, tafuta vikwembe vilivyochapwa mwaka: vya 8 Machi (siku ya wanawake), vya jubilei za parokia, vya mazishi makubwa. Vina maua pembeni mwa maandishi, na maua hayo yanakwambia kilichopendwa mwaka huo bila ubishi.

7. Rangi, kwa kifupi

Rangi hukupa mpaka wa chini tu. Zambarau ya kwanza ya maabara, ya mkemia Perkin, ni ya mwaka 1856. Nyekundu ya mizizi ya mmea wa madda ilitengenezwa maabara mwishoni mwa miaka ya 1860. Nili ya kiwandani ilianza kuuzwa mwaka 1897. Kitambaa chenye zambarau ya Perkin hakiwezi kuwa cha 1840. Zaidi ya hapo jicho halisemi, na anayekuambia anaitambua nili ya shamba kwa kuiangalia kwenye simu anakutania. Kumbuka tu kwamba wapo waliorudi nyuma kwa makusudi: Mwingereza William Morris alichapa mwaka 1883 kitambaa chake cha ndege wanaoiba matunda kwa kutumbukiza pamba nzima kwenye nili kisha kuiondoa rangi pale alipotaka maua, kazi ya siku kadhaa, wakati rangi za haraka zilikuwepo.

8. Zunguka mji

Nenda Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi na penseli, si kalamu ya wino, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Katika kazi za Waluba tafuta viegemeo vya kichwa, vile vya kulalia. Wachongaji wa Kiluba wa Shankadi walichonga juu yake nywele zilizoshuka ngazi kwa ngazi kama maporomoko ya maji. Zilikuwa nywele halisi za mtindo wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na kusuka kulichukua saa nyingi. Kiegemeo ndicho kilichozilinda usiku zisivurugike. Fikiria: mtindo wa nywele ukazaa haja ya samani, samani ikapambwa kwa mtindo ule ule wa nywele. Sijui darasa zuri kuliko hilo.

Tafuta pia wachoraji wa Hangar, karakana aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mjini hapa mwaka 1946. Pilipili Mulongoy alijaza nafasi nyuma ya ndege na samaki wake kwa majani na vialama vilivyorudiwa, safu kwa safu. Chagua jani lake moja ulipime kama ulivyopima la kikwembe. Mwenze Kibwanga alijenga kila kitu kwa mistari mifupi. Bela alichora kwa vidole. Watatu karakana moja, majani matatu tofauti.

Halafu malango ya chuma. Tembea mtaa wowote wenye kuta ndefu utaona vyuma vilivyokunjwa kama mitambaazi ya mmea. Mpinde ule wa mjeledi unatukumbusha Brussels: mwaka 1893 Victor Horta alijenga nyumba ya Tassel, ngazi zake zikiwa na chuma kinachopanda kama mashina. Aliacha ua na jani, akachukua shina. Miaka miwili baadaye akaanza nyumba ya Edmond van Eetvelde, afisa mkuu aliyeisimamia kutoka Ulaya ile Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold. Na mwaka 1897, kwenye maonyesho ya Tervuren, karibu na Brussels, wabunifu wa mtindo huo walipamba kumbi kwa mbao za Kongo huku wachongaji wakifanyia kazi pembe za ndovu zetu. Nje, Wakongo 267 waliopelekwa huko walionyeshwa kwenye vijiji vya maigizo, 7 hawakurudi. Unapochora mpinde wa lango, andika na hayo kwenye ukurasa huo huo. Nani alilipia nakshi ni sehemu ya nakshi.

9. Andika kadi

Kila kitu kadi moja, isizidi nusu ukurasa: ni nini na cha nani, kimetengenezwaje, mmea gani, umetiiwa wapi na umeasiwa wapi, kipande kinachojirudia kina sentimita ngapi, kinaitwaje na nani kasema, kimevaliwa au kutumika vipi. Tarehe ya nakshi, tarehe ya kitambaa na tarehe ya mshono ziwe mistari mitatu tofauti. Usipozijua, acha mstari wazi. Mstari wazi hauchekwi na mtu sokoni.

10. Chora uasi wako mwenyewe

Owen Jones, aliyechapisha London mwaka 1856 kitabu kikubwa cha nakshi za dunia, aliweka kanuni 37, na moja inasema ua lisinakiliwe kama lilivyo. Lifanyiwe umbo la nakshi lililotokana nalo. Huwezi kuielewa kanuni hiyo kwa kuisoma. Ijaribu kwa mkono.

Mmea ninaoupendekeza ni wa kwetu. Juu ya udongo wa shaba wa Katanga huota kijimea cha jamii ya mnaana kiitwacho Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambacho wachimbaji na wanajiolojia wamekuwa wakikitumia kama dalili kwamba chini kuna madini. Maua yake ni madogo, yamekusanyika kichwani, yamezungukwa na vijani vilivyopauka. Nimevizungukia vibanda vingi vya vikwembe sijakiona kimechapwa hata mara moja, ingawa waridi, ambalo halina habari na udongo huu, lipo kila meza.

Kichore kwanza kama kilivyo, kurasa mbili. Ukurasa wa tatu, fanya uasi wa jambo moja tu: rudufu vijani, au nyoosha shina, au kata kingo. Kihamishie kwenye kalki, chora mraba wa sentimita 12, ukishushe nusu katika safu ya pili. Utakuta mwanya mbaya katikati ya safu, daima hutokea. Usiujaze kwa ua jingine. Jaribu msalaba mdogo wa shaba, ule wa Katanga uliotumika zamani kama mali ya kubadilishana. Kisha mpelekee mama wa kushona karatasi yako kabla ya kumwonyesha mwalimu yeyote, umwulize ataikatia wapi.

Mama wangu wa kushona aliigeuza karatasi juu chini, akaigeuza tena. "Iko na juu na chini," akasema. "Itakula yadi moja zaidi." Nimerudi kuichora upya.